Mtungi Uko Laini, Twende Tukatembee

Mtungi mtupu ukisukumwa kwa mguu juu ya saruji una sauti yake. Huanza kwa mkoromo mfupi, kisha tumbo la plastiki linaitikia kwa mvumo, kama mtu aliyeulizwa swali akiwa bado usingizini. Uliojaa hausemi kitu, na hakuna anayeusukuma, unabebwa.

Jumamosi iliyopita maji yalikatika katika jengo ninaloishi, hapa mtaa wa Tena. Lori la maji likaitwa, wapangaji tukashuka na mitungi, tukaipanga kandokando ya ukuta. Wengi wetu ni vijana wa rika moja, wenye shahada na kazi za kukaa mbele ya kompyuta, na ilikuwa dhahiri kwamba baadhi yetu hatukuwa tumepanga laini, ile foleni ya maji, kwa miaka mingi. Mitungi ilikuwa mipya mno. Kijana aliyekuwa mbele yangu akasukuma wake kwa ncha ya kiatu huku macho yake yakiwa kwenye simu, ule mkoromo ukatoka, na mimi nikajikuta nimejishika shingo.

Rafiki zangu wananijua kwa maswali. Mhubiri akisema jambo, namuuliza amejuaje. Daktari akiandika dawa, namuuliza kwa nini hiyo na si nyingine. Chuoni kuna mhadhiri aliyeniomba, kwa upole, niwaachie wenzangu dakika zilizobaki. Kwa hiyo nieleweke mapema: ninachosimulia si muujiza. Ni hesabu ya mtoto, imekosewa tangu mstari wa kwanza, na jibu lake likatoka sahihi. Nimeipitia mara nyingi nikitafuta namna ya kuishi nayo.

Tulikaa mtaa wa Kware, gorofa ya tano, chumba kimoja, mama na mimi. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi mji mwingine kabla sijajua kusimama, akaipata, au akapata kitu kingine, hatukuletewa habari. Dirisha letu lilitazama dirisha la jengo la pili kwa ukaribu wa kupeana chumvi. Mchana tuliwasha taa. Chini ya taa hiyo mama alifuma sweta za shule kwa mashine iliyochukua meza yote, akivuta mkono wa mashine kulia, akiurudisha kushoto, na kila safari ilitoa mlio kama zipu ndefu ya begi kubwa. Nililala kwa mlio huo na kuamka nao. Nyuzi zilikuwa kila mahali. Zilielea kwenye chai. Sweta yangu mwenyewe ilifumwa kwa masalio ya shule zote za Embakasi, mkono mmoja kijani, mwingine hudhurungi, na watoto wa ploti, jengo letu la kupanga, waliniita Bendera.

Mama aliketi. Sikumbuki akifanya jambo jingine mchana isipokuwa kuketi na kuvuta, hadi miguu yake ilipoanza kuvimba jioni, ngozi ya kifundo ikang'aa kama ya nyanya. Akaenda kliniki, nami nikiwa nimeshikilia kamba ya mkoba wake. Walimfunga kitambaa mkononi, wakakijaza hewa, wakatazama saa ya kipimo hicho, wakatazamana. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi, kisha akamwambia atembee kila siku, kwa kasi, hadi jasho litoke.

Mama alilisimulia hilo siku ya maji, tukiwa kwenye laini.

Kware maji yalikuja Jumatano na Jumamosi, alasiri, kwenye mfereji mmoja nyuma ya ploti, na aliyeushika ufunguo ni mzee mmoja mrefu aliyeitwa Baba Brayo. Aliyeshika laini yenyewe, hata hivyo, ni Mama Shiro. Huyu alikuwa mwanamke wa Murang'a aliyeuza mboga langoni, mwenye sauti ya kumrudisha mtu kutoka barabara kubwa. Binti yake, Shiro, alikuwa shule ya bweni, na nadhani ukali uliokuwa wa Shiro tuligawiwa sisi.

"Daktari amesema nitembee," mama alisema. "Kila siku."

"Na ulimwambia uko peke yako na mtoto na mashine?" Mama Shiro akauliza.

"Nilimwambia. Akaniuliza, kwani huna mtu wa kukusaidia? Nikamwambia niko naye, ni huyu hapa, ako darasa la kwanza."

Wanawake wakacheka. Nikacheka pia, nikiona nimesifiwa.

"Nitatoa wapi hiyo saa ya kutembea?" mama akaendelea. "Nikiacha mashine, hatuli. Nikiacha mtoto, atapikwa na hii Kware."

"Na sasa hapa unafanya nini?" Mama Shiro akamkata. "Si unachunga plastiki tu? Enda utembee. Mtungi itakushikia nafasi."

"Na laini ikisonga?"

"Ikisonga nitaisukuma. Ama unafikiri nitaiuza?"

Mliokulia gorofani mnaijua sheria hiyo. Mtungi ukishawekwa kwenye laini ni mtu. Wetu ulikuwa na uzi mwekundu wa sweta umefungwa kwenye mkono wake, na uzi huo ulikuwa mama. Ungeweza kwenda kupika, kuosha mtoto, hata kulala. Aliye nyuma yako angeusukuma mtungi wako kwa mguu kila laini iliposonga, na wewe ungemsukumia wake siku nyingine. Hakuna aliyeomba wala kushukuru. Sharti lilikuwa moja. Mtungi ukifika mfereji na mwenyewe hayupo, unawekwa kando, laini inapita.

Basi mama alimtazama Mama Shiro, akatazama ile safu ndefu ya mitungi iliyokuwa mbele yetu, akavua kandambili pale pale na kuniambia nipande nikalete raba zake. Zilikuwa raba za mitumba, za mwanamume, zilizompwaya. Alizijaza nyuzi kwenye vidole.

"Mtungi uko laini," akasema. "Twende tukatembee."

Ndivyo saa ya kutembea ilivyopatikana. Kila Jumatano na Jumamosi aliweka mtungi, akanishika mkono, tukatoka kwenye kichochoro kile chenye giza la mchana. Tulipita posho mill, kinu cha kusaga unga, mahali ambapo hata nyusi za watu zilikuwa nyeupe, tukapita kanisa la mabati ambalo kinanda chake kilifanya mazoezi ya wimbo uleule wiki nzima, tukatokea kwenye uwanja ulio chini ya nguzo kubwa za stima. Hapo ndipo mbingu zilipoanza. Kwetu zilikuwa mstari mwembamba kati ya mabomba; hapa zilikuwa pana kiasi cha kunitia kizunguzungu. Nyaya zilivuma juu. Mama alitembea kwa kasi, mabega yakipanda na kushuka, nami nikikimbia kando yake na sweta yangu ya shule zote.

Vijana wa bodaboda walimzoea.

"Mathe, nani anakufukuza?"

"Daktari!" mama alijibu bila kupunguza mwendo.

"Panda tukutoroshe!"

"Nikipanda atanishika!"

Walicheka hadi wakapiga tangi za pikipiki. Nami niliamini kabisa kwamba yule daktari kijana alikuwa nyuma yetu mahali fulani, na kile kitambaa chake cha hewa, na mara kwa mara niligeuka kutazama.

Siku ambazo maji hayakuja mama alichomeka matembezi popote palipokuwa na ufa. Alipofua, hakuniachia mimi kulinda nguo juu ya paa zisiibwe. Alipanda mwenyewe na kuzunguka kamba zote, akipita kati ya shuka za watu, hadi nguo zikauke. Sweta zikikamilika hakungoja wateja wazifuate. Alizifunga kwenye leso, tukazipeleka kwa miguu mpaka huku Tena, ambako nyua zilikuwa na maua na mbwa, na ambako sikuwahi kudhani ningekuja kuishi. Siku ya mvua alipanda na kushuka ngazi za gorofa, na wapangaji waliokutana naye mara tatu walimuuliza kama amepoteza kitu.

"Bado sijakipoteza," alisema.

Mwisho wa safari yetu ya siku za maji ulikuwa mguuni pa nguzo moja, penye jiwe lililopakwa chokaa. Mama aliligusa jiwe kwa raba, akasimama, akaweka vidole viwili chini ya taya na kufumba macho. Midomo yake ilicheza.

"Unafanya nini?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Nasikiliza."

"Nini?"

Alikuwa akihema, uso umelowa jasho. Alichukua mkono wangu, akanibandika vidole pale alipotoa vyake. Shingo yake ilikuwa ya moto na ilinukia mafuta ya mashine. Kisha kitu kikanipiga teke kutoka ndani. Kikanipiga tena. Nikautoa mkono kwa hofu.

"Ni nini iko ndani?"

Mama alicheka kwa pumzi iliyokatikakatika. "Ni Mama Shiro," akasema. "Anasukuma mtungi yetu."

Hayo tu. Mzaha wa mtu aliyechoka. Sidhani aliukumbuka hata siku iliyofuata. Mimi niliuchukua kama nilivyochukua habari ya kwamba moto unaunguza, na tangu siku hiyo dunia yangu ikawa na mpango. Kila teke shingoni mwa mama lilikuwa teke la mguu wa Mama Shiro kwenye tumbo la mtungi, kule nyuma ya ploti. Na ushahidi, nawaambia, ulikuwa mwingi. Tulipotembea kasi, mateke yaliongezeka: laini ilikuwa inakwenda mbio. Tulipopumzika, yalipungua. Na tuliporudi, mtungi ulikuwa kweli umesonga, tena mbali na pale tulipouacha, uzi wake mwekundu ukitungoja karibu na mfereji. Nilipoona kwamba shingo inapiga hata Jumatatu, siku isiyo ya maji, nilimuuliza mama.

"Kuna laini mahali fulani kila siku," alinijibu, macho yakiwa kwenye sindano za mashine.

Nikaridhika. Hata leo naona lilikuwa jibu zuri kuliko mengi niliyopewa baadaye.

Nilimwona pia akivunja vidonge. Alikilaza kidonge mezani, akaweka ncha ya sindano ya kufumia katikati, akabonyeza. "Nusu leo, nusu kesho," alisema, na mimi nilidhani kesho ni mtu anayepaswa kuachiwa chakula. Sasa najua maana ya nusu. Najua pia kwamba daktari yule hakumuuliza swali lolote ambalo lingeitoa hiyo nusu mafichoni, na kwamba matembezi aliyomwandikia yalitosha kumfanya mama aamini ameifidia. Je, yalimwongezea siku? Au yalimwongezea matumaini tu, akachelewa kurudi kliniki kwa sababu miguu ilikuwa imepungua? Nimesoma, nimeuliza wanaojua, na kila mmoja ananijibu kwa neno "huenda". Silipendi neno hilo. Linakubaliana na kila mtu.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shule, nikapanda ngazi, na kwenye gorofa ya tatu nikasimama kwa sababu kuna kitu hakikuwepo. Mlio wa mashine haukuwepo. Nilimkuta mama ameilalia, shavu juu ya reli ya sindano, mkono wa sweta ya hudhurungi umening'inia nusu. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja kama mtu anayetaka kuniambia siri. Niliweka vidole chini ya taya. Teke. Teke. Nikashuka mbio.

"Mama Shiro, mama amelala vibaya."

Alipanda ngazi zote tano na mwili wake ule, akaingia, akaona, akaenda ukingoni mwa korido akapiga kelele. Wanaume walikuja na blanketi. Walimteremsha ndani yake, wakizunguka kila kona ya ngazi kwa maneno ya watu wanaohamisha kabati: "Inua wewe. Pole. Nipe nafasi." Raba zake zilibaki chini ya meza. Mama Shiro alinishika mabega nisifuate.

"Utalala kwangu," akasema. "Mama yako amepandwa na presha. Ataenda atashushwa."

Jumamosi nilishuka na mtungi wetu, ukinigonga magoti kila hatua.

"Wewe Nelima, acha hiyo," Mama Shiro akaniita kutoka langoni. "Nitakuchotea na yangu."

"Hapana. Lazima iwe laini."

Alidhani nataka kuwa wa msaada. Akaniachia. Niliuweka mtungi mwisho wa safu, nikasimama nyuma yake, na laini iliposonga nikausukuma kwa mguu. Ukakoroma. Nikausukuma tena. Nilikuwa mtoto mwenye huzuni lakini nawaambia ukweli, nilikuwa pia na kazi, na kazi ile ilinishikilia. Kule hospitali, chini ya taya ya mama, mguu wangu ulikuwa unabisha.

Kisha mfereji ukaanza kukaribia, na swali likanijia. Ukifika, utasonga kwenda wapi tena? Na mwenyewe hayupo, utawekwa kando. Nikatoka kwenye safu, nikamwambia aliyekuwa nyuma yangu, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni:

"Pita."

"Haki? Asante mami." Akapita.

"Pita," nikamwambia wa pili.

"Na wewe?"

"Nangoja mama."

Huyo hakucheka. Alipita akiwa amenitazama, akamwambia jambo mwenziwe. Hata hivyo wakapita, mmoja mmoja, nami kila baada ya watu wachache niliusukuma mtungi mbele kidogo ili usikae kimya, kisha nikaurudisha nyuma. Baba Brayo akaanza kulalamika.

"Huyu mtoto anachanganya laini. Leo ako mbele, saa hii ako nyuma. Ni gari ya moshi?"

"Laini ni yako?" Mama Shiro akamuuliza. "Wewe fungua maji."

Mzee alifunga mfereji mtungi wetu ukiwa haujafika. Nilipanda nao mtupu, nikiwa nimeshinda.

Jumatano nikafanya vilevile. Na jioni hiyo mjomba, kaka yake mama aliyekuwa amefika kutoka Bungoma na kushinda hospitalini, alikuja akatuambia kwamba mama alikuwa amefungua macho. Hata alikuwa amezungumza, kwa ulimi mzito. Alikuwa ameuliza kama sweta za mwalimu wa Tena zimechukuliwa, na kama Nelima anakula.

Mnaona shida yangu? Nilikuwa nimepata ushahidi.

Jumamosi iliyofuata laini ilikuwa ndefu kwa sababu maji yalikuwa yamechelewa. Watu walikuwa na hasira za joto. Mimi nilikuwa na mpango wangu, sukuma, pitisha, rudi nyuma, na watu walikuwa wamenizoea. Waliokuja nyuma yangu hawakungoja niwaambie. Mama Shiro alikuwa karibu na mfereji, akimfokea msichana mmoja aliyekuwa ameweka mitungi miwili kwa jina moja.

"Hii ya pili ni ya nani?"

"Ni ya dadangu."

"Dadako ako wapi?"

"Amelala."

"Basi mwambie aote maji."

Watu wakaangua kicheko. Ndipo simu yake ikalia. Aliitoa kifuani, akaitazama, akageukia ukuta.

"Halo? Eeh, ni mimi." Akaziba sikio la pili kwa kidole. "Saa hii? Haiya." Aliegemeza kiganja ukutani. "Haiya, Ngai."

Aliirudisha simu kifuani polepole. Hakunitazama. Alimwinamia mwanamke wa karibu, akamwambia neno. Huyo akamwambia wa nyuma yake. Niliona neno likija kuelekea kwangu kupitia vichwa vyao, kila kichwa kikiinama na kuinuka, na lilipofika kwa yule mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa nyuma yangu tena siku hiyo, likaishia kwake.

"Pita," nikamwambia.

Hakupita. "Kaa tu mbele yangu, mami," akasema.

Nikamgeukia wa nyuma yake. "Pita wewe."

"Hapana, mtoto wangu."

"Pita!"

Wa tatu alitikisa kichwa tu, akashika mdomo kwa leso.

Mbele, mwanamke aliyekuwa akichota aliondoa mtungi wake uliojaa, akasimama nao hapohapo. Aliyefuata hakuweka wake. Mfereji uliendelea kutiririka, maji yakapiga saruji, yakafanya kijito, yakaanza kwenda kwenye mtaro.

"Maji inamwagika!" Baba Brayo akapiga kelele. "Nani anafuata? Nyinyi watu! Maji inamwagika!"

Hakuna aliyesogea. Ninyi mnaotoka huko mnajua nasema nini. Laini ya maji, Kware, mfereji umefunguliwa na maji yanamwagika, na hakuna mguu unaosukuma mtungi. Sikuwa nimewahi kuona jambo kama hilo na sijaliona tena. Mama Shiro alitembea akamgusa Baba Brayo mkono, akamwambia kitu, na mzee yule mrefu akavua kofia na kuuzungusha ufunguo wa mfereji hadi maji yakakatika. Ikabaki sauti ya matone.

Nilitazama safu nzima, njano, imetulia ukutani. Nikausukuma mtungi wetu kwa mguu. Uligonga wa mbele na kukataa. Nikausukuma tena.

"Sukumeni," nikawaambia. "Si msukume."

Hawakusukuma. Walidhani wananipa heshima, na kweli walinipa heshima yote waliyokuwa nayo. Walisimamisha kitu pekee kilichokuwa chao kusimamisha. Na hapo nikajua. Hakuna aliyeniambia, wala hakuna aliyehitaji kuniambia. Laini ilikuwa imesimama.

Mama Shiro alinikuta nimeketi juu ya mtungi. Hakusema mama amepumzika, wala kwamba Mungu amempenda zaidi; hayo nilikuja kuyasikia kwa wengine, nikawauliza alikuwa amechokeshwa na nani. Yeye alichuchumaa kwa shida, akanifunga kifungo cha sweta kilichokuwa wazi, akasema, "Nelima, toka hapo nikuchotee." Akaunyanyua mtungi wetu juu ya mitungi yote, akaupeleka mbele bila mtu kusema ameruka laini. Akaujaza. Akaubeba kichwani gorofa tano, akipumzika kila kona, nami nyuma yake nikiutazama ule uzi mwekundu ukidondosha maji.

Maji hayo ndiyo yaliyochemshiwa chai jioni ile, watu walipojaa chumbani, ngazini na kwenye korido. Mashine ilifunikwa shuka. Nilimwona kila mtu akinywa. Asubuhi mtungi ulikuwa mtupu, na siku chache baadaye tulikuwa safarini kwenda Bungoma, mama mbele ndani ya gari la jeneza, mimi nyuma na mjomba. Nyumbani kwa mjomba wanawake walichota kisimani. Walisimama wenyewe, kila mmoja na chombo chake, wakipiga gumzo. Hapakuwa na laini. Siku ya kwanza niliyopelekwa huko nililia hadi nikarudishwa, na hakuna aliyeelewa mtoto huyu anaogopa nini kwenye kisima.

Mama Shiro sikumwona tena. Nilipoingia chuo kikuu nilikwenda Kware kumtafuta. Ploti ilikuwa imeongezwa gorofa mbili, langoni palikuwa na duka la simu, na mwenye duka hakumjua mwanamke wa mboga wa jina hilo.

Nimekuja kujifunza kwamba mshipa wa shingo ni mshipa tu. Naweza kuwachorea. Najua pia kwamba mambo mawili yakitokea pamoja mara tatu, hilo halithibitishi kitu. Nimewahi kuwakemea watu wazima kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini Jumamosi iliyopita, hapa Tena, nilipousikia ule mkoromo na mkono wangu ukapanda wenyewe, nilifanya jambo ambalo siwezi kulitetea. Niliuacha mtungi wangu kwenye laini, nikatoka langoni na kutembea. Sikumwomba mtu aniangalizie. Nilitembea kwa kasi, kwa njia ya zile nyua tulizopelekea sweta, hadi jasho likanitoka, nikasimama kwenye kona moja, nikaweka vidole viwili chini ya taya na kufumba macho, mtu mzima, mchana kweupe. Ilikuwa inapiga.

Niliporudi, mtungi wangu haukuwa nilipouacha. Ulikuwa mbele, wa tatu kutoka kwenye lori.

"Nani amesukuma mtungi yangu?" nikauliza.

Wapangaji walinitazama kama mtu anayetafuta ugomvi. Msichana mmoja nisiyemjua, aliyekuwa nyuma ya mtungi wangu na spika za simu masikioni, akatoa moja.

"Ni mimi," akasema. "Laini imesonga. Ulitaka tuiache nyuma?"